Unasihi, Ustawi wa Jamii na Mawasiliano: Utangulizi wa Taaluma Tatu kwa Watendaji wa Inyonga

Unasihi, kazi ya ustawi wa jamii na mawasiliano ni taaluma zinazochota maarifa katika sayansi za jamii na kuyapeleka kwa mtu mwenye shida. Sosholojia huchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, saikolojia hutazama nafsi na mwenendo, anthropolojia hufuatilia mila na koo, uchumi hupima mapato na matumizi. Mtafiti wa fani hizo anaweza kuishia kwenye maelezo. Mtaalamu wa taaluma tumizi hawezi kuishia hapo, maana mbele yake amekaa mtu anayetaka kujua atalala wapi leo.

Unasihi hushughulika na mtu na uamuzi wake. Ustawi wa jamii humshughulikia mtu huyo pamoja na familia, sheria na huduma zinazomzunguka. Mawasiliano huangalia habari na imani zinavyosafiri kati ya watu. Vitabuni mipaka hii ni wazi. Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, hufutika mapema asubuhi: mtumishi yuleyule humsikiliza mjane, huandika barua ya kwenda mahakamani, kisha huitwa kuzungumza kwenye mkutano wa kijiji. Hoja ya mada hii ni kwamba taaluma hizi tatu hufanya kazi moja, na kinachoitofautisha kazi hiyo na huruma ya kawaida ni mbinu, yaani utaratibu unaofundishwa, unaoandikwa na unaoweza kukaguliwa na mtu mwingine.

Mazingira ya kazi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sehemu kubwa ya Mlele ni misitu ya miombo. Wakonongo ndio wenyeji wa Inyonga, na pamoja nao wanaishi Wanyamwezi, Wasukuma waliofika na mifugo yao, na wengine waliovutwa na ardhi au ajira. Riziki hutoka kwenye mahindi, tumbaku, asali na ng'ombe.

Kila shughuli ina msimu wake, na msimu huamua ni shida gani zitafika ofisini. Mfugaji wa nyuki huingia msituni na kukaa kambini siku nyingi, na huku nyuma mke anabaki na mtoto mgonjwa na uamuzi ambao kwa desturi si wake. Tumbaku hulimwa kwa pembejeo za mkopo kupitia chama cha msingi. Kazi ya familia nzima, kuanzia kitalu hadi kuchoma kuni kwenye mabani ya kukaushia, hulipwa kwa pamoja baada ya soko, mara nyingi kwa jina la baba peke yake. Migogoro ya ndoa inayofika baada ya malipo haiwezi kueleweka bila kuufahamu mzunguko huo. Afisa anayepanga kutembelea kaya wakati wa kukausha tumbaku atakuta nyumba tupu na watoto wako banini.

Miongoni mwa shida zinazofika ofisini ni mimba za utotoni, na takwimu moja inatosha kuonyesha uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani Katavi walikuwa wamekwishazaa au walikuwa wajawazito. Kiwango hicho kilikuwa cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini, na wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Kwa sababu hiyo, mfano utakaotumika hapa ni wa binti mjamzito.

Unasihi

Unasihi kama taaluma ulianza na suala la ajira: mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi mjini Boston ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Mwaka 1942 Carl Rogers alitoa kitabu kilichohamisha uzito kutoka kwa mshauri kwenda kwa anayeshauriwa, akisisitiza kwamba mtu akisikilizwa bila kuhukumiwa huweza kuiona njia yake mwenyewe. Nchini Tanzania ni VVU vilivyoufanya unasihi ujulikane hadi vijijini. Wagonjwa wa kwanza waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1989 Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, aliongoza kuanzishwa kwa WAMATA jijini Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2001 vituo vya Angaza vilieneza ushauri nasaha na upimaji wa hiari. Wauguzi wengi walijifunza hapo kwamba jibu la kipimo halitupwi mezani. Mtu huandaliwa kabla ya kulipokea na hushikwa mkono baada ya hapo.

Jamii za magharibi mwa Tanzania zilikuwa na washauri wake tangu zamani, na bado wapo: bibi, shangazi, mjomba, wazee wa ukoo. Mzee huonyesha njia kwa mamlaka ya umri wake. Mnasihi hana mamlaka hayo na hapaswi kuyaigiza. Kazi yake ni kumwezesha mtu kuyatazama mambo yake kwa utulivu.

Tuchukue binti wa miaka 15, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aliyeletwa ofisini na shangazi yake. Baba yuko kambini. Binti anapiga goti kidogo: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu ukae." Shangazi anaanza kueleza yote kwa niaba yake. Mnasihi anamsikiliza, kwa kuwa yeye ndiye aliyemleta na ndiye atakayerudi naye nyumbani, kisha anasema: "Ahsante, shangazi. Naomba utupishe kidogo, nitakuita." Mlango unarudishwa, lakini haufungwi kwa ufunguo. Kiti cha mnasihi kinasogezwa upande wa meza aliko binti.

Swali la kwanza lina uzito mkubwa. "Nani kakupa mimba?" ni swali la polisi, na jibu lake mara nyingi ni kimya au jina la uongo. "Nieleze, mwanangu, siku hizi unaendeleaje?" huacha nafasi. Binti anatazama sakafu. Vitabu vingi vya unasihi vilivyoandikwa Marekani na Ulaya vinahimiza kutazamana machoni, lakini hapa binti anayeinamisha macho mbele ya mtu mzima ameonyesha adabu, na kumhesabu kuwa anaficha jambo ni kosa la kitaalamu. Kimya chake kiachwe kipite. Akisema jambo, mnasihi alirudie kwa ufupi ili kuhakikisha amemwelewa: "Unaogopa baba akirudi." Hofu ya kwanza mara nyingi haihusu mimba yenyewe. Ni hofu ya kipigo, ya kufukuzwa nyumbani, au ya kumpeleka jela mtu aliyeahidi kumwoa.

Lugha nayo ni sehemu ya mbinu. Bibi wa Kisukuma aliyesalimiwa "mwangaluka" hukaa kwa namna tofauti na aliyeanziwa kwa Kiswahili cha ofisini. Mkalimani akihitajika, asiwe jirani wala ndugu wa mtu anayelalamikiwa.

Kazi ya ustawi wa jamii

Mazungumzo yakiishia kwenye faraja, binti atarudi kwenye hali ileile. Hapo ndipo ustawi wa jamii unapoanza. Jane Addams na wenzake walifungua Hull House, nyumba ya huduma za jamii mjini Chicago, mwaka 1889 wakiishi mtaa mmoja na wahamiaji maskini. Mary Richmond, katika kitabu chake cha mwaka 1917, alionyesha kwamba shida ya mtu huchunguzwa kwa ushahidi kutoka kwa familia, shule, mwajiri na majirani. Nchini Tanzania, chuo kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 na leo kinaitwa Taasisi ya Ustawi wa Jamii.

Shauri hupokelewa, hutathminiwa, hupangiwa hatua, hutekelezwa, hufuatiliwa na hatimaye hufungwa. Katika shauri la binti huyu tathmini ndiyo hubeba mzigo. Anakaa na nani? Chakula kipo? Mwanamume ni mwanafunzi mwenzake, mtu mzima wa kijijini, au ndugu wa nyumbani? Kama tendo la ukatili limetokea karibuni, saa 72 za kwanza ni za thamani kubwa, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina nguvu baada ya hapo. Asicheleweshwe hospitalini kwa kusubiri kikao cha ukoo wala fomu ya polisi ya PF3. Kwa mimba iliyokwishaonekana muda huo umepita, na binti anahitaji kliniki mapema, kwani mwili wa miaka 15 una hatari zake wakati wa kujifungua.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamtaka mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Sheria ya Elimu iliyorekebishwa mwaka 2016 inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu msichana aliyejifungua kurudi katika shule ya kawaida. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa upande mwingine, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu iliviona vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019.

Kikwazo kigumu zaidi ni "tuyamalize nyumbani". Koo mbili hukutana, ng'ombe hutajwa, na shauri hufifia kabla ya kufika mahakamani. Ni rahisi kuwalaumu wazee hao, lakini swali lao ni la kweli: mwanamume akifungwa, mtoto atalelewa na nani? Afisa hana ruhusa ya kujadiliana kuhusu kosa la jinai. Ana wajibu, hata hivyo, wa kulijibu swali hilo kwa mpango: shangazi yuko tayari kumlea nani na kwa muda gani, shule itampokea lini, kaya inaweza kuombewa msaada gani. Asiahidi nafasi ya TASAF ambayo hana mamlaka nayo. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi yao (MTAKUWWA), dawati la jinsia na watoto la polisi, na namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto ni viungo vya mpango huohuo.

Mawasiliano

Mwaka 1948 Harold Lasswell alilifupisha somo hili katika maswali: nani anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa matokeo gani. Tanzania ilikuwa na majibu yake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwaweka watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Redio peke yake isingefanya hivyo, kwani nguvu ilikuwa kwenye kikundi kilichokaa na kuamua.

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori Mkwaju na mkewe Tunu. Hadi mwaka 1995 eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, na watafiti wakalinganisha. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi pale ulikosikika. Ni mojawapo ya majaribio bora kabisa ya mawasiliano ya afya kufanyika Afrika, na linastahili kufundishwa zaidi ya linavyofundishwa.

Mkoani Katavi kwenyewe kuna somo la upande wa pili. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliwekwa katika makazi ya Katumba, na baadaye Mishamo. Kuanzia mwaka 2007 waliulizwa kama wanataka kurudi kwao au kuomba uraia, na zaidi ya watu 162,000 katika makazi ya magharibi wakakubaliwa. Awali ilielezwa kuwa raia wapya watahamishiwa mikoa mingine. Mpango huo ukasimama, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Katika miaka hiyo ya kusubiri, kujenga nyumba ya kudumu au kupanda miti ya matunda kulikuwa kubahatisha. Habari isiyokamilika ilizuia maendeleo ya kaya sawasawa na ukame.

Kwa Inyonga, mkutano mkuu wa kijiji ni njia muhimu, ila wanaozungumza zaidi ni wanaume wenye umri. Ujumbe kuhusu binti kurudi shuleni utawafikia akina mama kliniki, kwenye vikoba, kisimani na baada ya ibada. Shauri la binti fulani lisitajwe hadharani hata bila jina: katika mji mdogo, kusema "mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza" ni kumtaja.

Siri, jalada na usimamizi

Siri ina mpaka mmoja wa lazima, nao ni usalama wa mtoto au uhai wa mtu. Mpaka huo huelezwa mwanzoni, kabla binti hajasema lolote, ili asijione amesalitiwa baadaye. Benchi la kusubiria liwahudumie wenye shida mbalimbali, kusudi kuonekana pale kusiwe tangazo.

Jalada huandikwa siku hiyohiyo, likitenganisha kilichosemwa, kilichoonekana na maoni ya mwandishi. Jalada hukaa kabatini kwa kufuli, na msimamizi hulipitia pamoja na mtumishi kwa tarehe zilizopangwa. Katika kikao hicho mtumishi hueleza pia mzigo wake mwenyewe, kwani anayesikiliza ukatili kila juma huchoka kwa namna ambayo likizo peke yake haiponyi. Shauri la binti halifungwi siku ya kujifungua. Hufungwa baada ya kuthibitishwa kwa kutembelewa nyumbani kwamba yuko salama, mtoto anakua, amerudi masomoni au amechagua njia nyingine kwa hiari yake, na shauri la jinai limefikia uamuzi.