Ukumbi wa Ukumbusho, Pumwani
Ukumbi huu ulijengwa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika vita vya 1914–1918, wengi wao wapagazi wa Carrier Corps, ndiyo hiyo Kariokor tunayokwenda sokoni. Ile sanamu ya mjini ya 1928 ina mpagazi pia, lakini majina hakuna.

Humu tumeozesha, tumekaa vikao vya matanga, tumebishana siasa mpaka usiku. Na kila shughuli tunakodi viti! Mchango wa mwaka huu ni wa viti vyetu wenyewe, pamoja na ubao wa majina. Mwenye babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita ampe katibu jina lake. Hata likiwa la utani tutaliandika.