Kila jibu la klavie ni maandishi kwanza



Tuko tunafundisha vijana wetu kuandika programu ndogo ya kuorodhesha jamaa zilizorudi. Si mchezo wa ordinatere. Muone sababu.

Katika lugha ya Python, input() inasimamisha programu na kungoja mtu aandike kwenye klavie, kisha abonyeze Enter. Lakini kila jibu inalipokea kama maandishi, hata likiwa tarakimu. Sasa jamaa iko na wakubwa 4 na watoto 3. Ukijumlisha hivyo hivyo, unapata 43, maana mashine imebandika tu 3 nyuma ya 4. Watu 7 wanakuwa 43 kwenye orodha ya unga! Dawa ni int(): inageuza maandishi kuwa namba.

Tena, mtu akiandika “tatu” kwa herufi, int() inakataa na programu inakufa. Ndiyo maana vijana wanajifunza try na except ndani ya while: programu inauliza tena, kwa maneno mepesi, mpaka jibu lieleweke. Namba ya simu, hiyo tunaiacha maandishi. Ukiigeuza, sifuri ya mbele inapotea.

Wafadhili, mukituuliza masomo haya yanaleta nini, jibu ni hesabu ya kweli. Wanachama, siku ya kuandikishwa, muangalie hesabu ya jamaa yenu kwenye ekrani mbele ya kuondoka. Programu inaweza kukamata herufi. Kama watoto ni 3 ao 5, ni ninyi munajua.