Ukinzani Mkali katika Kiingereza na Kireno: Funzo kwa Mfasiri wa Kiswahili



Mwezi Agosti 2019 Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya nne ya Jumuiya ya Maendeleo ya Nchi za Kusini mwa Afrika, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kwa hiyo mfasiri wetu hana budi kuvipima viunganishi vya lugha hizo. Leo nitajihusisha na vile vya ukinzani katika Kiingereza na Kireno.

Ukinzani mkali una sura mbili. Ya kwanza ni kutangua matarajio: “Mvua ilinyesha, lakini mavuno yalikuwa haba.” Ya pili ni kusahihisha: “Huu si mkopo, bali ni ruzuku.” Katika sura ya kwanza kauli zote mbili ni kweli, katika ya pili, dhana moja hufutwa na nyingine huwekwa mahali pake.

Kiingereza hutumia *but* kwa sura zote mbili. Asili ya neno hilo ni “nje ya”, na hata leo huweza kumaanisha “isipokuwa”. Kireno nacho hutumia *mas*, lililotokana na neno la Kilatini *magis*, yaani “zaidi”. Hata hivyo, Kireno kinaposahihisha hupenda kuongeza *sim*, yaani “ndiyo”: *não é um empréstimo, mas sim um subsídio*. Baada ya kukana, msemaji huthibitisha waziwazi.

Yapo pia *however* na *porém*, ambayo huweza kuingia katikati ya sentensi, baada ya kiima. Ajabu ni kwamba katika Kireno cha kale *porém* lilimaanisha “kwa sababu hiyo”. Maana ya ukinzani ilizuka lilipozoeleka katika kauli za kukana.

Kiswahili kilichukua *lakini* na *bali* kutoka Kiarabu, kikayagawia kazi. Mwanafunzi anayefasiri kila *but* kwa “lakini” huifuta tofauti hiyo. Katika mkataba, “si mkopo, lakini ni ruzuku” ni kauli inayoyumba, na mwenye kudai deni anaweza kuishikilia.

Basi mfasiri na ajiulize: je, kauli ya kwanza inabaki kuwa kweli? Ikibaki, aandike “lakini”. Ikiwa imekanwa ili nyingine ishike nafasi yake, aandike “bali”. Lugha yetu imekwisha kutupa nyenzo. Kazi iliyobaki ni kuitumia kwa uangalifu.