Kimo cha Nyuzi

Somo: Matendo ya Mitume 15:6-11, Wagalatia 6:1-2



Katika makanisa yetu mengi kwaya ya vijana haiimbi bila gitaa la besi, lile la umeme lenye nyuzi nne nene. Leo na tutazame jambo dogo ambalo kila mpigaji analijua: kimo cha nyuzi, yaani nafasi iliyopo kati ya nyuzi na shingo ya gitaa.

Nyuzi zikiwa juu mno, mpigaji hulazimika kuzikandamiza kwa nguvu. Vidole humuuma, na sauti hupanda kuliko ilivyokusudiwa, maana uzi huvutika zaidi unapobonyezwa. Anayejifunza hukata tamaa, akaliweka gitaa chini. Nazo zikiwa chini mno, hugonga vile vyuma vilivyopangwa shingoni, zikatoa mlio wa kukwaruza. Kupiga huwa rahisi, lakini wimbo si safi. Mafundi wengi huacha milimita 2 hadi 2.5 hivi juu ya chuma cha 17. Nafasi hiyo yote ni ndogo kuliko unene wa punje ya mahindi.

Kanisa nalo lina kimo chake. Kule Yerusalemu wako waliotaka watu wa Mataifa washike torati ya Musa ndipo waokolewe. Petro alisimama akawakumbusha kwamba nira hiyo iliwashinda wao wenyewe na baba zao. Ya nini kuwatwika wengine shingoni? Huko Korintho kosa lilikuwa kinyume. Dhambi ilikaa wazi katikati ya ushirika, nao wakajivuna.

Sasa tuje nyumbani. Msichana wa kwaya amepata mimba. Wazee wanakutana jioni moja, wanamtenga na Meza ya Bwana, wanafunga kitabu. Kijana aliyempa mimba yuko mbele Jumapili ifuatayo, anaimba. Ndugu yangu, huo ni wimbo gani? Uzi mmoja umepandishwa hata haugusiki, na wa pili umelala kabisa. Tena tangu siku ile hakuna mzee aliyepiga hodi kwa kina msichana.

Fundi mwema hafanyi hivyo. Kwanza huziweka nyuzi zote katika sauti zake, kwa maana nyuzi zilizolegea hazipimiki. Pili, huitazama shingo, kwa kuwa pengine uzi umepanda kwa sababu shingo imepinda, wala si kosa la uzi. Ndani ya shingo mna chuma kirefu. Hukizungusha robo mzunguko tu, kisha hupima tena. Ndipo huja kwenye daraja, ambapo kila uzi una skrubu zake ndogo, akazigeuza kidogo kidogo, uzi baada ya uzi, akifuata mviringo wa shingo. Mwisho huzirekebisha sauti upya, kwa sababu uzi uliobadilishwa kimo umebadilika na sauti.

Paulo anawaagiza Wagalatia wamrejeze aliyekosa kwa upole, kila mmoja akijiangalia mwenyewe. Basi nasi tuanze na shingo: vijana hawa tuliwafundisha nini, na ni nani kati yetu aliyekaa nao wakamfungulia moyo? Kisha tuwaite wote wawili, tuwapime kwa kipimo kimoja. Tusiseme dhambi si dhambi. Huko ni kulaza nyuzi. Lakini tukiisha kusema, kazi haijaisha. Turudi kwao leo na kesho, mpaka sauti yao isikike tena kanisani.

Wewe mzee wa kanisa, wewe mama wa chama cha akina mama, yuko nani katika mtaa wako aliyetengwa, nawe hujamtembelea? Nenda juma hili. Usingoje mtoto azaliwe ndipo uende na zawadi.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe unayejua uzito tuwezao kuuchukua, tuondolee ukali usio wako, na ulegevu usio wako. Utupe mkono mwepesi juu ya ndugu aliyeanguka, na miguu ya kumwendea. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.