BETRI YA TREKTA NA KARATASI YA DHAMANA
(Maneno ya Kamati kwa mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama,

Mnauliza kwa nini trekta letu limesimama na mvua zimeshaanza. Hamkukosea kuuliza, wengine mmekwishalipa hela za kulimiwa. Sababu ni betri. Tuliinunua mjini, na dhamana yake ya miezi 12 bado haijaisha.

Tulipoirudisha, mwenye duka hata kuigusa hakuigusa. Akasema, "Altaneta yenu ndiyo imeiunguza." Jamani, neno hilo maduka mengi wanalo mdomoni, maana dhamana kwa kawaida haihusu betri iliyoharibiwa na chaji mbaya, iliyopasuka au iliyoachwa ikakauka maji. Sisi tukamwambia: basi pima mbele yetu.

Fundi wetu alikuwa amekwishapima chaji trekta likiwa linaunguruma, akapata volti 14.2. Hiyo ni chaji nzuri kwa betri ya volti 12. Pale dukani betri ikachajiwa kwanza, kisha vifuniko vikafunguliwa, kikaingizwa kipimo cha asidi. Betri ina vyumba 6. Vyumba 5 vilisoma 1.250 na zaidi, kimoja kikasoma 1.100. Hapo ndipo penye mambo! Chaji ikizidi huumiza vyumba vyote, haichagui kimoja. Kimoja kikifa peke yake, wenzake wazima, mara nyingi ubovu umo ndani ya betri yenyewe. Mtikisiko nao huua chumba, ni kweli, lakini yetu ilifungwa kwa chuma chake, haichezi.

Mwenye duka akanyamaza. Akaandika madai, akapiga muhuri. Betri inapelekwa kwa wakala, na nakala ya madai iko ofisini, aje aione anayetaka.

Lakini shamba halingoji wakala. Tunaomba mkutano uruhusu hela ya betri nyingine itoke mfuko wa matengenezo. Ya madai ikirudi itakuwa ya akiba, nayo ichajiwe kila mwezi, kwani betri ikilala bila chaji inakufa.

Safari hii anakwenda fundi mwenyewe na mita yake. Betri mpya ikisoma chini ya volti 12.4 asiichukue, hata bei ikipunguzwa: huenda imekaa dukani siku nyingi. Aangalie tarehe ya kutengenezwa, na vichwa viwe upande uleule kama ya zamani, nyaya zisije zikakataa kufika. Namba ya betri iandikwe kwenye risiti na kwenye kadi ya dhamana, muhuri na tarehe palepale, kabla hela hazijatoka mfukoni.

Waliomo kwenye orodha ya kulimiwa, zamu zenu ni zilezile.

Kamati