MAZUNGUMZO YA AFYA: MUME NAYE APIMWE



Ndoa ikikosa mtoto, aghalabu lawama humwangukia mke. Huko Lamadi, kando ya Ziwa Viktoria katika mkoa wa Simiyu ulimao pamba, mtafiti wa shahada ya uzamivu achunguzaye uzazi wa wanaume hana budi kumwuliza mume ameishije miezi mitatu iliyopita: alivuta tumbaku? Aliugua homa kali? Alinyunyizia pamba dawa bila kujikinga? Mbegu za kiume huchukua siku 70 hivi kukomaa. Kipimo cha leo hueleza maisha ya siku hizo. Mwaka 1977, huko California, Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha dawa za mashambani walitanabahi kuwa hawapati watoto, vipimo vikathibitisha.

Basi kabla mke hajarejeshwa kwao, mume naye apimwe.