Pepesa Macho, Tazama Mbali

Msikilizaji, leo nazungumza nawe unayeshinda mbele ya kompyuta: karani wa ofisini, mwanafunzi anayeandika tasnifu, na wewe dada wa steshenari unayewachapia watu barua tangu asubuhi. Ikifika alasiri macho yanawasha, yanakuwa mazito, kichwa kinagonga.

Chanzo kikubwa ni kutopepesa vya kutosha. Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, na kila mara kope hulipaka jicho machozi upya. Akikazia macho skrini, hupepesa mara chache mno, pengine nusu ya hapo au chini zaidi. Jicho linakauka. Feni ikikupulizia usoni ndiyo balaa; igeuze.

Tena, msuli mdogo ndani ya jicho hujikaza ili uone cha karibu, nao huchoka kama mkono ulioshika ndoo muda mrefu. Kwa hiyo kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi, hata mwembe ule wa jirani, kwa sekunde 20.

Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, chini kidogo ya usawa wa macho, na dirisha liwe ubavuni, siyo nyuma yako. Kuza maandishi.

Usikimbilie miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Ushahidi kwamba inapunguza uchovu huu ni hafifu. Na kama umepita miaka 40 na herufi zinakukimbia, tafadhali nenda ukapimwe macho.